John McLendon: Kocha Aliyeingia Ukumbi wa Mashuhuri Mara Mbili

Mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, mahali mpira wa kikapu ulipobuniwa Desemba 1891, kuna Ukumbi wa Mashuhuri wa mchezo huo. Walioingizwa humo mara mbili ni wachache, na kwa kawaida habari yao haina utata: mtu aliingia kwanza kwa ufundi wake wa kucheza, baadaye akaingia tena kwa kazi ya kufundisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa John Wooden, kwa Lenny Wilkens na kwa Bill Russell.

John McLendon naye yumo mara mbili, ila njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1979 aliingizwa kama mchangiaji, kundi wanamowekwa viongozi wa vyama, wenye timu na watu waliousaidia mchezo kukua. Mwaka 2016, miaka 17 baada ya kufariki, akaingizwa kama kocha. Na huyu ni mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ukocha. Alishinda mechi 523 na kupoteza 165. Ndiye kocha wa kwanza wa vyuo vya Marekani kutwaa ubingwa wa taifa miaka mitatu mfululizo. Ilikuwaje basi mwaka 1979 ukumbi ukamwona ni mchangiaji, usimwone ni kocha?

Jibu fupi ni ubaguzi wa rangi, na ni jibu la kweli. Lakini likiishia hapo halituambii ubaguzi ulifanyaje kazi ndani ya mchezo wenyewe: nani acheze na nani, matokeo yaandikwe kwenye daftari la nani, kombe lipi lihesabiwe kuwa la taifa. Hesabu za kocha zinaonekana kama hesabu za sokoni, unajumlisha na kutoa basi. Kwa McLendon haziendi hivyo. Huwezi kuzisoma mpaka ujue kwanza aliruhusiwa kupambana na akina nani.

Mwanafunzi asiyeruhusiwa kucheza

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 huko Hiawatha, mji mdogo wa Kansas. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, familia ikatawanyika kwa muda, na baadaye akakulia Kansas City, upande wa jimbo la Kansas. Mwaka 1933 akaingia Chuo Kikuu cha Kansas kusomea elimu ya viungo, akitaka kuwa kocha.

Chuoni hapo alikuwepo mzee wa miaka 71 aitwaye James Naismith. Ndiye aliyetundika vikapu viwili vya matunda ukumbini Springfield na kuandika sheria 13 za kwanza. Naismith alikuwa ameacha kufundisha timu tangu 1907, na hesabu zake za ukocha hazikuwa nzuri: ushindi 55, vipigo 60. Kwake mchezo ulikuwa nyenzo ya kumlea kijana, mambo ya makombe hayakumshughulisha sana. Baba yake McLendon alimwambia mwanawe amtafute mzee huyo akifika tu, amweleze kwamba yeye ndiye atakayekuwa mlezi wake wa masomo. Kijana akaenda, akasema hivyo hivyo alivyotumwa. Mzee akamuuliza ni nani aliyesema. Akajibu, baba. Naismith akakubali, kwa hoja kwamba baba hakosei.

Ila kukubaliwa na Naismith hakukumpa McLendon jezi. Timu ya chuo ilikuwa ya Wazungu peke yao, chini ya kocha maarufu Phog Allen. McLendon alisoma mpira wa kikapu kwa aliyeubuni, ndani ya chuo kilichojivunia mchezo huo kuliko karibu chuo kingine chochote, na hakuichezea timu yake hata mechi moja. Hapo ndipo lilipofungwa lile kundi la kwanza la Springfield. Hakuweza kuingia ukumbini kama mchezaji kwa sababu hakuna aliyemruhusu kucheza.

Kisa cha bwawa la kuogelea kinaonyesha alivyokuwa mtu wa aina gani. Wanafunzi wa elimu ya viungo walitakiwa kufaulu kuogelea, lakini bwawa la chuo lilikuwa la Wazungu. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumsamehe mwanafunzi Mweusi somo hilo, apewe alama zake na yaishe. McLendon alikataa kusamehewa. Akaingia majini. Alipotoka, maji yote yakamwagwa bwawa lijazwe upya. Naye hakuacha, akarudi, akadai haki yake, Naismith akiwa upande wake. Mwishowe ikakubaliwa bwawa liwe wazi kwa wote kwa wiki mbili za majaribio, na kama hapatatokea fujo, libaki wazi. McLendon akawaendea wanafunzi Weusi wenzake kimyakimya, akawaomba wiki hizo mbili wasikanyage bwawani. Wiki mbili zikapita bila fujo, kwa sababu hapakuwa na wa kufanyiwa fujo. Bwawa likafunguliwa.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara naona ndani yake kocha wa baadaye: mtu anayezijua sheria za mwenye uwanja kuliko mwenye uwanja anavyozijua, kisha anazitumia kumshinda bila kumgusa. Mwaka 1936 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu elimu ya viungo chuoni hapo. Mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Iowa, kisha akashuka kusini, Durham, North Carolina.

Kwa nini walikimbia

Chuo alichokwenda kilikuwa cha Weusi, na jina lake la wakati huo lilisema hivyo bila kuficha. Leo kinaitwa North Carolina Central University. Alianza mwaka 1937 akiwa msaidizi, na kufikia msimu wa 1940 timu ikawa yake.

Mwaka huo wa 1937 ni muhimu kwa sababu nyingine, ambayo mashabiki wa leo wengi hawaijui. Kabla yake, kila kikapu kilipofungwa mpira ulirudishwa katikati ya uwanja, wachezaji wawili wakaurukia upya kama mwanzo wa mechi. Ukifunga, mchezo unasimama. Timu yenye mrefu mmoja mahiri wa kurukia iliweza kuumiliki mpira karibu usiku kucha. Sheria hiyo ikafutwa. Tangu hapo aliyefungwa anautoa mpira nyuma ya mstari wake na mchezo unaendelea pale pale.

Makocha wengi walipokea mabadiliko hayo bila kubadili fikra zao. Waliendelea kutembeza mpira taratibu, pasi baada ya pasi, wakisubiri nafasi safi. Walikuwa na haki ya kusubiri, maana vyuo havikuwa na saa ya kuhesabu sekunde za shambulizi. Saa hiyo ilikuja katikati ya miaka ya 1980. McLendon aliona kingine. Alikuwa amejifunza kwa Naismith kwamba mchezo huu ni wa uwanja wote: unaposhika mpira, popote ulipo, umeanza kushambulia, na unapoupoteza, popote ulipo, umeanza kulinda. Watoto wakicheza mtaani ndivyo wanavyofanya bila kufundishwa na mtu.

Kutoka hapo akajenga shambulizi la kasi. Mchezaji anayedaka ribaundi, yaani mpira uliorushwa ukakosa, chini ya kikapu chake haruhusiwi kuudundadunda akitafakari. Akitua, uso wake tayari umeelekea pembeni, na pasi ya kwanza inakwenda huko, mbali na msongamano. Pasi ya pili inarudi katikati kwa kiongozi wa mchezo. Wakati huohuo wenzake wawili wanachanja mbuga, mmoja kila upande, ili uwanja ugawanyike njia tatu na walinzi wawili waliowahi kurudi wakute mbele yao watu watatu. Wa nne anafuata hatua chache nyuma, kama mpira utakosa autie. Wa tano anakaa nyuma kuchunga. Yote hayo ndani ya sekunde chache. Ukiyatazama unadhani ni vurugu, lakini kila mguu unajua pa kukanyaga.

Nusu ya pili ya mfumo ilikuwa kumbana mpinzani uwanja mzima, tangu anapoutoa mpira, asipate pumzi. Hili ndilo lililodai mazoezi makali kuliko yote. Wachezaji wa McLendon walikimbizwa masafa marefu nje ya ukumbi kabla hata hawajaugusa mpira, kwa sababu kasi isiyodumu dakika 40 ni bure. Na bado yeye huyohuyo aliwafundisha pia kupoza mchezo wanapoongoza, kwa kuwatawanya wachezaji hadi kwenye kona wakimlazimisha mpinzani awafuate. Mfumo huo, uitwao wa pembe nne, ulimpa sifa kubwa kocha Dean Smith miaka ya baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, kilomita chache tu kutoka Durham. Mizizi yake hutafutwa kwa McLendon.

Jumapili ya mlango uliofungwa

Sheria za North Carolina na desturi zake zilitenganisha Weusi na Wazungu kwenye mabasi, shuleni, hospitalini, makaburini. Timu ya McLendon ilicheza katika CIAA, shirikisho la vyuo vya Weusi la mashariki, na humo ikatamba. Umbali mfupi tu kutoka chuoni kwake kulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, tajiri na cha Wazungu, na timu hizo mbili hazikuwa na ruhusa wala tamaa ya kukutana. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama mfumo wake ulikuwa bora kweli, au ulikuwa bora kwa wale tu alioruhusiwa kukutana nao.

Mwaka 1944, katikati ya vita, Duke ilikuwa na wanafunzi wengi wa udaktari waliopelekwa huko na jeshi. Baadhi yao walikuwa wamecheza kikapu kwenye vyuo vizuri kabla ya hapo, wakaunda timu yao, na ilisemwa kuwa hapakuwa na bora kuliko hiyo mjini. Vijana wachache wa pande zote mbili walikuwa wakikutana kwa siri katika jumuiya ya vijana Wakristo, na hapo majigambo yakaanza: nani hasa mkali Durham? Mwaliko ukafika kwa McLendon.

Alichagua Jumapili, tarehe 12 Machi, asubuhi. Saa hizo mji mzima ulikuwa kanisani, polisi wakiwemo. Madaktari wanafunzi walikuja kwa magari wakizunguka njia za kuwapoteza watu, wakashuka wamejifunika vichwa, wakaingizwa ukumbini, milango ikafungwa. Hapakuwa na watazamaji. Wanafunzi wachache waliohisi jambo walipanda madirishani kuchungulia. Palikuwa na mwamuzi na saa, maana McLendon alitaka iwe mechi halali, ingawa isingeandikwa popote.

Dakika za mwanzo zilikuwa mbaya kwa pande zote mbili. Vijana wa McLendon hawakuwahi kugusana na Mzungu uwanjani, na wote walikua wakifundishwa kwamba kumgusa tu kunaweza kukugharimu maisha. Mikono ilitetemeka, pasi zikapotea. Kisha wakakumbuka walichofundishwa, wakaanza kukimbia. Mpaka mwisho ilikuwa 88 kwa 44.

Hizo 88 zinahitaji kipimo cha wakati ule. Wiki mbili baadaye, fainali ya taifa ya vyuo vya Wazungu, yaani ya NCAA, ilichezwa na Utah ikaifunga Dartmouth 42 kwa 40, tena baada ya muda wa nyongeza. Jumlisha pointi za timu zote mbili za fainali hiyo unapata 82. Vijana wa Durham peke yao, ndani ya ukumbi uliofungwa, walipita hapo. McLendon alikuwa akicheza kikapu cha miaka ya mbele na hakuna aliyeruhusiwa kukiona.

Baada ya mechi kikatokea kitu ambacho kwangu kinazidi hata matokeo yenyewe. Wakapumzika, wakachanganya timu, upande mmoja na fulana na mwingine vifua wazi, Weusi na Wazungu ndani ya kila timu, wakacheza ya pili. Halafu wageni wakakaa kuongea na wenyeji bwenini kabla ya kuondoka kama walivyokuja. Mwandishi mmoja wa gazeti la Weusi la Durham alijua yaliyotokea, akaahidi kutoandika, akatimiza. Habari haikuchapishwa mpaka 1996.

Kama kuna anayeona siri hiyo ilipita kiasi, atazame kilichotokea Durham miezi minne baadaye. Tarehe 8 Julai 1944, askari Mweusi aitwaye Booker T. Spicely, akiwa na sare za jeshi la nchi yake, alipigwa risasi na dereva wa basi baada ya kubishana naye kuhusu kuhamia viti vya nyuma. Alikufa. Dereva alishitakiwa, mahakama ikamwachia. McLendon hakuficha mechi kwa kupenda mafumbo. Alikuwa akiwalinda vijana wasiuawe.

Ubingwa wa taifa gani?

Hapa ndipo wengi hupotea, na siwalaumu. Vyama vya michezo ya vyuo vya Marekani vinachanganya hata Wamarekani wenyewe.

Miaka ya 1940 na 1950 hapakuwa na ubingwa mmoja wa taifa. Kulikuwa na mashindano ya NCAA, yaliyoanza 1939, ambayo leo ndiyo yanayojulikana duniani. Yalikuwa ya vyuo vikubwa, na mabingwa wa vyuo vya Weusi hawakuwa na njia ya kuyafikia. Vyuo vyenyewe vya Weusi vikajitengenezea michuano yao: McLendon alikuwa miongoni mwa waliobuni mashindano ya mwisho wa msimu ya CIAA, yaliyofanyika mara ya kwanza Washington mwaka 1946. Timu yake ikachukua kombe hilo la kwanza baada ya nyongeza tatu dhidi ya Virginia Union. Mashindano hayo yapo hadi leo.

Na kulikuwa na chama cha tatu, kilichojulikana baadaye kama NAIA, cha vyuo vidogo na vya kati, chenye mashindano yake Kansas City tangu 1937. Mmoja wa walioyaanzisha alikuwa Naismith mwenyewe, miaka miwili kabla ya kufariki. Chama hiki nacho kiliwazuia Weusi mwanzoni. Mwaka 1947 John Wooden, akiwa bado kocha kijana huko Indiana State, alikataa mwaliko wake kwa sababu mchezaji wake Mweusi, Clarence Walker, asingeruhusiwa. Mwaka uliofuata katazo likaondolewa, Walker akacheza. Mwaka 1953 vyuo vya Weusi vyenyewe vikafunguliwa mlango.

Kwa hiyo McLendon alipohamia Tennessee A&I ya Nashville, chuo kingine cha Weusi, mwaka 1954, baada ya miaka miwili chuoni Hampton, ilikuwa mara ya kwanza akiwa na njia ya halali kuelekea ubingwa ambao Wazungu nao waliupigania. Lakini Kansas City ilikuwa na hoteli za Wazungu na nyumba za wageni za Weusi, na desturi ilikuwa timu ya Weusi ilale kwao. McLendon akasema timu yake haiji kama hailali katika hoteli za katikati ya mji pamoja na timu nyingine. Waandaaji wakalikubali hilo. Ni lile bwawa la Kansas tena, safari hii na vitanda.

Kisha ukaja mtindo wake. Mashindano ya Kansas City yalikuwa na timu 32, mtoano, na bingwa alipaswa kushinda mechi 5 ndani ya wiki moja. Fikiria maana yake kwa timu inayokimbia. Siku ya kwanza kila mtu ana miguu. Siku ya nne na ya tano, yule aliyekimbizwa masafa marefu tangu mwanzo wa msimu ndiye aliyebaki na miguu. Mfumo uliojengwa Durham, ambako McLendon alikosa wa kumpima, ukakuta mashindano yanayoufaa kabisa.

Mwaka 1957 Tennessee A&I iliifunga Southeastern Oklahoma fainali 92 kwa 73. Ilikuwa mara ya kwanza chuo cha Weusi kutwaa ubingwa wa taifa katika mashindano ya mchanganyiko wa rangi. Mwaka 1958 ikawa zamu ya Western Illinois, na mwaka 1959 Pacific Lutheran. Mechi 15 za Kansas City, ushindi 15. Uwanjani alikuwepo Dick Barnett, mfungaji wa mkono wa kushoto aliyekuja kutwaa ubingwa wa NBA akiwa na New York Knicks, pamoja na John Barnhill, ambaye naye alifika ligi ya kulipwa.

Adolph Rupp wa Kentucky, aliyesifiwa kama mfalme wa makocha wa enzi hizo, alikuwa na makombe ya 1948, 1949, 1951 na 1958, hakuyaunganisha matatu. Wooden aliyaunganisha saba, lakini kuanzia 1967. Wa kwanza kufikisha matatu mfululizo alikuwa McLendon, na wasiokubali husema: ndiyo, lakini ilikuwa NAIA.

Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. NAIA haikuwa na Kentucky wala Kansas. Ila uliza kwa nini McLendon hakucheza na Kentucky. Hakuikwepa. Kentucky na jirani zake wa kusini hawakuchukua wachezaji Weusi, na NCAA haikuwa na nafasi kwa chuo chake. Humfungii mtu mlango halafu ukamhesabia kosa la kutoingia. Vitabu vya michezo huiweka mwaka 1966 siku mlango ulipofunguka, chuo cha Texas Western kilipoanza fainali ya NCAA na Weusi watano kikaifunga Kentucky ya Rupp yenye Wazungu watupu. Ulikuwa ushindi mkubwa, sina neno juu yake. Lakini timu nzima ya Weusi, ya chuo cha Weusi, chini ya kocha Mweusi, ilikuwa imeshachukua ubingwa wa mchanganyiko miaka tisa kabla, ikarudia mara mbili.

Wa kwanza, kwa masharti

Baada ya 1959 kazi yake inakatikakatika, na nitaipitia haraka. Alikwenda Cleveland kufundisha Pipers, timu ya ligi ya viwanda, akaipa ubingwa wa taifa wa wasiolipwa mwaka 1961. Mwaka huohuo timu ikaingia ligi mpya ya kulipwa, ABL, mwenye timu akiwa George Steinbrenner, yule aliyekuja kujulikana kwa timu ya besiboli ya Yankees wa New York. McLendon alijiuzulu Januari 1962 kukiwa na mzozo kuhusu mishahara ya wachezaji. Bill Sharman akachukua nafasi yake na timu ikamaliza bingwa.

Mara nyingi utasoma kwamba alikuwa kocha Mweusi wa kwanza katika mpira wa kikapu wa kulipwa. Sentensi hiyo inahitaji sharti. Pop Gates aliiongoza Dayton Rens katika ligi ya NBL msimu wa 1948 hadi 1949, lakini hiyo ilikuwa timu ya Weusi watupu. Alichofanya McLendon kwa mara ya kwanza ni kuwaongoza wachezaji wa rangi zote katika timu moja ya kulipwa. NBA ilisubiri hadi 1966, Boston ilipomkabidhi Bill Russell.

Mwaka huo wa 1966 Cleveland State ikamwajiri McLendon, naye akawa kocha mkuu Mweusi wa kwanza katika chuo kikuu cha Wazungu wengi. Hakupata matokeo hapo. Alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Mwaka 1968 alikuwa Mweusi wa kwanza katika benchi la ufundi la timu ya Olimpiki ya Marekani. Mwaka 1969 Denver Rockets wa ligi ya ABA walimchukua na kumwachisha baada ya mechi 28, ushindi 9. Alikuwa na miaka 54. Nafasi za juu zilimfikia alipokuwa amemaliza miaka yake bora kwingine, tena zilimfikia na timu zilizokuwa zikijengwa au zikiyumba. Miaka iliyobaki aliifanyia kazi kampuni ya viatu ya Converse, akizunguka kufundisha makocha wengine.

Tukilirudia sasa lile swali la 1979, tunaweza kuona walichokuwa wakikisoma wapiga kura wa Springfield. Hakuwa na NCAA. Kwenye ligi ya kulipwa alikuwa na misimu miwili isiyokamilika. Durham na Nashville zilikuwa kwenye daftari walilozoea kuliona kuwa la pembeni. Hawakuthubutu kumwacha nje, maana kila kocha aliyejua mchezo alijua deni lake kwake. Wakamtafutia kundi.

Wachezaji wake ndio waliokataa. Sam Jones alikuja Durham kwa mwaliko wa McLendon, akacheza chini yake msimu mmoja na kuendelea na chuo, kisha akatwaa makombe kumi ya NBA na Boston. Earl Lloyd wa West Virginia State na Harold Hunter walisafiri na McLendon kwenda kujaribiwa na Washington Capitols mwaka 1950. Lloyd akawa Mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA, na Hunter ndiye aliyerithi timu ya Nashville. Na Dick Barnett alitumia miaka yake ya uzeeni kuandika barua, kupiga simu na kubisha hodi ili ubingwa wa 1957, 1958 na 1959 uhesabiwe.

McLendon alifariki tarehe 8 Oktoba 1999 huko Cleveland Heights, Ohio. Mwaka 2016 akaingizwa kama kocha. Mwaka 2019 timu nzima ya Tennessee A&I ya miaka ile mitatu ikaingizwa. Aprili 2024 waliobaki hai walikaribishwa Ikulu ya Marekani na Makamu wa Rais Kamala Harris, wazee wa zaidi ya miaka 80, kwa ukaribisho ambao mabingwa wengine hupewa wakiwa bado wanafunzi. Msimu wa vuli mwaka huo Barnett mwenyewe akaingia ukumbini, safari hii kwa jina lake na kama mchezaji. Alifariki Aprili 2025.